Dawa Isiyotaka Jua

Jumamosi, 3 Mei

Daktari Theodora amesema niandike. "Utakaa gizani wiki nyingi, mwalimu. Wengine kichwa kinawazunguka. Andika chochote kile." Basi naandika, kwa kalamu nene na herufi kubwa, maana macho yangu hayaoni ndogo hata mchana kweupe.

Naitwa Evodia. Nafundisha darasa la nne hapa Mwankoko. Nina ualbino. Nyuma ya sikio la kushoto nina kidonda kilichokatwa mara mbili, na mara mbili kimerudi. Saratani ya ngozi. Mara ya tatu hawataki kukata, sikio lenyewe litaondoka. Daktari Theodora ametoka chuo kikuu na utafiti wake mpya, akanichagua.

Mume wangu, Hosea, ana mashine ya kukamua alizeti kule barabarani. Mavuno yameanza. Uani hakuna pa kukanyaga, vichwa vya alizeti vimetandazwa juu ya turubai. Leo ameniambia, "Nenda ukatibiwe, mama Noel. Mimi nipo." Miaka yote ya ndoa yetu maneno hayo yamenitosha.

Jumatatu, 5 Mei

Mama mkwe amefika kutoka Ikungi na jogoo mmoja na mfuko wa unga wa uwele. Jina lake Raheli. Hosea amemwita anitunze nikiwa ndani. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba huku anaangalia ukuta.

Siku ya harusi yetu alimuuliza dada yake, kwa Kinyaturu, kama mwanawe alikuwa amekosa wanawake wote. Mimi ni Mnyiramba, alidhani sielewi. Nilielewa. Noel alipozaliwa alimfunua khanga akamkagua mpaka nyayo, akaona mtoto ni mweusi, akashusha pumzi. Sasa Noel yuko bweni Kiomboi, na huyo bibi yake ndiye atakayenifungia mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Upepo tu. Wanafunzi wangu wamekabidhiwa kwa mwalimu Gerald. Hakuna mwingine aliyejitolea.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika kitandani hospitalini. Leo nimetundikiwa dawa. Ni ya kijani kibichi cha giza. Chupa na mrija vimefungwa karatasi ya fedha visipigwe na mwanga. Ilishuka taratibu, na nilihisi ubaridi ukipanda mkononi hadi begani.

Daktari alinieleza tena, bila kuchoka. Ndani ya dawa mna chembe ndogo mno. Unywele mmoja mbele ya chembe hizo ni kama mbuyu mbele ya punje ya ulezi. Kila chembe imebeba dawa iliyofungwa. Zinatembea na damu mwili mzima, ila nyingi zinakwama kwenye uvimbe kwa sababu mishipa ya uvimbe inavuja. Hapo atazimulika kwa taa nyekundu, zifunguke, ziue kilicho karibu yake.

"Bila mwanga je?" nikauliza.

"Hazifanyi kitu."

"Na zitakazobaki kwenye ngozi nzima?"

"Ndiyo sababu nakufungia ndani, mwalimu. Jua nalo ni taa."

Maisha yangu yote nimelikwepa jua kwa kofia na mikono mirefu, na bado limenila. Leo nimeweka sahihi niingiziwe kitu ambacho kikikutana na jua nitaungua kama nyama kwenye jiko. Hosea alikuwa amenishika bega nikiweka sahihi.

Kitanda cha pili yuko kijana mwenzangu wa ualbino, Antipasi, mrina asali wa Mitundu. Kidonda chake kiko shingoni. Anacheka ovyo.

"Nyuki hawana ubaguzi, mwalimu," ameniambia. "Wananiuma sawasawa na wengine."

Kisha akaniuliza kama nina nyumba hapa mjini. Nikamwambia ipo Mwankoko.

"Una bahati. Mimi watanihifadhi kwenye kile chumba cha nyuma mpaka dawa iishe mwilini. Daktari ameahidi."

"Huyu akiahidi anatimiza," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumatano, 14 Mei

Nitaandika leo kwa kirefu kwa sababu sijawahi kuona nilichokiona.

Walinipeleka kwenye chumba kisicho na dirisha. Daktari akaniwekea taa ya bluu nyuma ya sikio, na kamera, na kwenye kompyuta kukatokea picha. Akanisogezea kioo cha kompyuta mpaka puani ili nione. Ngozi yangu ilikuwa nyeusi kama usiku, na kidonda kilikuwa kinawaka rangi ya waridi. Kumbe hakikuwa kile kidonda ninachokijua mimi, cha ukubwa wa shilingi. Kilikuwa na mizizi. Mmoja umeshuka shingoni, mwingine umezunguka nyuma ya tundu la sikio. Waliokikata mara mbili walikuwa wanafyeka majani.

"Sasa unaona kwa nini kinarudi," daktari akasema. Alikuwa na furaha, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Akaizungusha kamera usoni. Ikapita paji la uso, ikapita shavu. Chini ya jicho la kulia ikasimama. Kulikuwa na nukta, ndogo kama punje ya ufuta, inawaka.

"Hiyo nini?"

Akaisogeza kamera karibu zaidi. "Kingine. Bado kichanga. Hata mkono hauwezi kukigusa ukakijua."

"Kimulike basi."

"Utaratibu wa utafiti ni eneo moja kwanza. Hilo la jicho tutalifanya awamu ya pili, mwezi wa saba. Usiogope, tumekiwahi."

Taa nyekundu nayo haikuwa na kishindo. Daktari aliiegesha nyuma ya sikio nikaambiwa nitulie. Mwanzoni joto, halafu kama pilipili iliyosagwa, halafu nikauma shuka. Muuguzi Agnes alinishika mkono. Antipasi aliyeingia baada yangu nilimsikia anaimba wimbo wa kanisani, kila kona ya wimbo anapiga ukelele, anaendelea kuimba.

Jua lilipozama nilivikwa blanketi nikarudishwa nyumbani. Mlangoni nilimsikia Antipasi akiniita, "Mwalimu, tukutane duniani!" Nikacheka chini ya blanketi, sikumjibu.

Ijumaa, 16 Mei

Chumba changu: blanketi mbili dirishani zimepigiliwa misumari, taa moja hafifu ya betri kwenye kona. Taa hiyo ndogo naruhusiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbili kulikuwa na mawingu, leo asubuhi jua limetoka nikaona nyota. Bati letu la zamani lina matundu ya misumari, na dari hatujaweka. Kila tundu linaleta mshale wa jua, mmoja ulikuwa unatua kwenye mto wangu. Nikajikunja kwenye kona nikapiga kelele.

Hosea alikuwa mashineni. Mama mkwe ndiye aliyeingia. Aliangalia juu, akatoka bila kusema neno. Muda si mrefu nikasikia kitu kinatambaa juu ya bati. Bibi wa umri ule, juu ya ngazi, na kopo la lami ya moto! Akaziba tundu moja baada ya jingine, mimi naelekeza kutoka chini, "Kulia kidogo mama, hapo, hapo." Alipomaliza hakuja kuniangalia. Alienda kupura alizeti.

Jumanne, 20 Mei

Kidonda kimekuwa cheusi na kigumu. Kinanuka. Nasikia fimbo zinapiga alizeti kutwa.

Jumamosi, 24 Mei

Mama mkwe ananisafisha kidonda. Hana huruma mkononi, anasugua kama sufuria. "Tulia," ndilo neno lake pekee. Hosea anasimama mlangoni akiuliza kwa sauti tamu, "Unaendeleaje, mama?" Haingii. Harufu, anasema, inampa kichefuchefu, nisimchukulie vibaya. Simchukulii. Mtu anayeshinda kwenye vumbi la mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ana haki ya kuchoka.

Jumanne, 27 Mei

Mchana nilisikia gari la hospitali. Sauti ya daktari Theodora getini, sauti ya Hosea, maneno sikuyapata kwa sababu ya upepo. Hakuingia ndani. Nilishangaa. Jioni nikamuuliza Hosea.

"Alikuwa anapita tu. Ameuliza hali yako, nimemwambia unaendelea vizuri."

"Angenisalimia basi."

"Alikuwa na haraka, mama Noel."

Mama mkwe alikuwa ananipa uji. Kijiko kilisimama hewani kidogo, halafu kikaja.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna kitu. Joto. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi kichwani.

Jumatatu, 2 Juni

Upepo wa leo umeng'oa pembe ya blanketi. Nilinyoosha mkono kuirudisha bila kufikiri. Mwanga uliupata mkono wa kulia kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache, basi. Hadi adhuhuri mkono ulikuwa mwekundu, umevimba, na malengelenge mgongoni mwa kiganja kama nimemwagiwa uji wa moto. Naandika kwa kushoto. Mama mkwe amepigilia ubao juu ya blanketi. Amesema, "Sasa na wewe ukae." Ni kama alikuwa anagomba na mbuzi, lakini alirudi mara mbili kuushika ubao aone kama umekaza.

Jumamosi, 7 Juni

Majirani Waislamu wametuletea nyama ya Idi. Hosea amenisifia mbele yao, nimesikia ukutani: mke wangu ni jasiri, mke wangu yuko kwenye utafiti wa kisasa, wanatumia chembe zisizoonekana. Walimpa pole. Akaipokea.

Jumatatu, 9 Juni

Daktari amekuja. Amefunga mlango, amewasha taa yake ndogo, amebandua gamba jeusi nyuma ya sikio. Akapabonyeza kwa kidole. Kisha akasema, "Kimekufa chote. Chini kuna ngozi mpya." Akachukua mkono wangu mzima, ule wa kushoto, akaniwekea pale. Nilishika ngozi laini. Nililia, nikamwombea baraka, nikamwita mwanangu ijapokuwa tuko umri mmoja.

Hakufurahi. Nikamuuliza habari ya awamu ya pili, ya chini ya jicho.

"Utafiti umesimamishwa, mwalimu. Kamati ya maadili imeufunga."

"Kwa nini?"

"Yule mwenzako wa Mitundu. Ameungua."

Akanieleza. Chumba cha nyuma cha hospitali kilihitajika kwa wagonjwa wengine, Antipasi akatolewa kabla dawa haijaisha mwilini. Wakamweka gesti karibu na stendi. Dirisha lilikuwa na pazia jepesi, na kila asubuhi mhudumu anafungua apate hewa. Akaamua kwenda kwao. Nyumba ya dada yake ni tembe, ya udongo hadi paa, isiyo na dirisha, aliona huko atakuwa salama. Akapanda basi alfajiri amejifunika blanketi gubigubi. Mbele ya Itigi basi likaharibika. Abiria wote wakashushwa. Kule ni vichaka vilivyopukutika, hakuna kivuli, na upepo ulikuwa unalivuta blanketi. Watu walimkwepa, walidhani ana ugonjwa wa kuambukiza. Alikaa hapo hadi lilipopatikana gari jingine.

"Uso, mikono, na jicho moja," daktari akasema. "Jicho halitarudi."

Akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Kwenye taarifa tumeandika kwamba mgonjwa hakuzingatia maelekezo. Alikuwa ameambiwa asitoke."

"Asitoke wapi, daktari? Mlimtoa ninyi."

Akafunga mkoba wake. "Tulimtafutia mahali. Nilijitahidi." Kisha akaniangalia kwa namna ya mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Sikuelewa anasubiri nini. Akaaga.

Jumanne, 10 Juni

Nimeelewa.

Mama mkwe aliingia na maji ya kuoga. Akayaweka chini, akakaa kwenye kigoda, jambo ambalo hajawahi kulifanya humu.

"Yule kijana aliyeungua," akasema. "Daktari alikuja kuomba alale kwenye chumba cha Noel. Siku ile ya gari. Alisema nyumba hii imeshazibwa, mimi nipo, chakula kipo. Wiki chache tu."

"Hosea alimjibu nini?"

"Alisema wewe hutaki. Kwamba umekataa kukaa na mgonjwa mwingine."

Nilihisi kama mwanga umeingia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ile.

"Nyumba ni ya mwanangu. Nilinyamaza." Akasimama, akazungusha mkono wake kwenye maji kupima joto. "Mimi sikukutaka, unajua. Tangu mwanzo. Lakini sijawahi kukusingizia neno."

Akatoka. Maji yalipoa bila kuguswa.

Jumatano, 11 Juni

Jioni nilimwita Hosea aingie. Akasimama mlangoni. Nikamwambia aingie afunge mlango. Akaingia. Naandika maneno yetu kama yalivyokuwa kabla hayajabadilika kichwani.

"Ulimwambia daktari kwamba mimi nimekataa Antipasi asilale hapa?"

Alianza kwa "Nani amekuambia," akaacha. Akakaa kitandani, mbali na mimi.

"Mama Noel, fikiria na biashara. Watu wanakuja hapa kununua mafuta ya kula."

"Mafuta yanakamuliwa barabarani. Yule angelala chumbani."

"Wangejua. Mwankoko hakuna kinachofichika."

"Wangejua nini?"

Akapangusa uso. "Mmoja wameshamzoea. Wewe wameshakuzoea, mwalimu wa watoto wao. Wakiwa wawili, watu watasema nimefungua kambi."

Alilisema kwa upole. Hapo ndipo palipouma, kwamba alilisema kwa ile ile sauti ya "mimi nipo." Nikaelewa kwamba miaka yote hii, alipokuwa ananishika bega mbele za watu, alikuwa anawasaidia wanizoee, kama vile mtu anavyowazoesha wageni mbwa wake.

"Na kwa nini ulitumia jina langu?"

"Wewe daktari asingekulaumu. Wewe ni mgonjwa."

Nikamwambia atoke. Akasema, "Tutaongea ukitulia." Nimetulia. Sijawahi kutulia hivi.

Ijumaa, 13 Juni

Mashine inanguruma. Mavuno mazuri mwaka huu, wanasema.

Jumatano, 18 Juni

Najigusa chini ya jicho. Hakuna kitu. Lakini nilikiona kikiwaka, na sasa hakuna wa kukimulika. Afadhali nisingeoneshwa. Hapana, si kweli. Sijui.

Nilimpigia daktari. Amesema niende Dar wakakikate kikikua. Kikikua! Nimemuuliza habari ya Antipasi, akasema kesi yake sasa iko kwa wakubwa zake, hana ruhusa kuizungumzia.

Jumapili, 22 Juni

Hosea amenunulia chumba dari ya mbao. Fundi anakuja Jumatano. Sikuomba dari.

Jumamosi, 28 Juni

Leo kipimo cha kujua kama dawa imeisha mwilini. Daktari aliacha maelekezo: kata tundu kwenye mfuko mzito wa karatasi, ingiza mkono, uweke nje kwenye jua dakika chache, rudi ndani, subiri hadi kesho yake. Mama mkwe alisimama mlangoni kunisindikiza. Jua lilitua kwenye ngozi ya mkono kama kidole cha mtu. Nimerudi ndani. Nasubiri.

Jumapili, 29 Juni

Hakuna wekundu. Dawa imeisha mwilini. Nimetoka na kofia yangu na mikono yangu mirefu, nikiwa mtu wa kawaida wa kuungua polepole. Ua mtupu, alizeti zimekwisha kupurwa, yamebaki makapi.

Hosea aliita majirani waje wanione. Wakapiga vigelegele. Theluthi moja ya wanawake wale huwa wanageuza uso nikipita. Nilisimama nikawapa mkono mmoja mmoja. Mama mkwe hakuja kwenye vigelegele, alikuwa anafunga mzigo wake. Anarudi Ikungi.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Kabla hajapanda bodaboda nikamwambia, "Asante, mama, kwa lami."

"Bati lenu bovu," akasema, akaondoka.

Jumamosi, 12 Julai

Nimetoka Mitundu. Nimelala njiani, ndiyo nafika. Hosea alitaka kunisindikiza, nikakataa. Aliuliza naenda kufanya nini huko. Nikamjibu naenda kusema ukweli, akaniangalia kama nimesema naenda kufuga simba.

Muuguzi Agnes ndiye aliyenipa jina la dada yake Antipasi, Yasinta, nami nikaulizia kijijini hadi nikafikishwa. Tembe la zamani, ndani giza zuri, baridi. Nilisikitika nikijua angefika salama, angekuwa hapa mzima. Alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya uso imeota upya kwa mabaka, mahali pengine inang'aa, mahali pengine imejikunja. Jicho la kushoto limezibwa na kitambaa. Vidole vya mkono wa kulia havifungi vizuri. Hawezi tena kushika kamba ya kupandia mizinga. Kidonda cha shingo kimepona kabisa. Daktari alikuwa amesema kweli, dawa inafanya kazi.

"Mwalimu," akasema. "Karibu. Yasinta, mpe kiti."

"Pole sana, kaka yangu."

"Nimekwisha kupoa."

Yasinta alinipa kiti, hakuniangalia. Aliingia jikoni akaacha mlango wazi asikie.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. "Antipasi, nimekuja kukuambia kitu kimoja. Si mimi niliyekataa usilale kwangu. Mume wangu alisema jina langu bila kuniuliza. Mimi nilijua baada ya wewe kuungua."

Hakushtuka. "Daktari aliponiambia umekataa, nilidhani ni hivyo. Sauti ya 'mke wangu hataki' naijua. Ni ya wanaume."

Nikashusha pumzi. Nilidhani tumemaliza, kwamba nitakunywa maji niondoke nikiwa nimefutwa.

"Ila nilikuwa na neno," akasema. Aliongea kwa upole, haraka haraka, kama mtu anayetaka kulitua. "Nilikuwa gesti kule stendi. Kila Agnes akija kunisafisha namuuliza, mwalimu hajambo? Ananiambia hajambo. Mwalimu ana maumivu? Ananiambia anavumilia. Halafu namuuliza, ameniulizia? Agnes ananyamaza." Akajikuna goti. "Namba ya simu ya daktari ulikuwa nayo. Ya Agnes pia."

"Nilikuwa nayo."

"Hukuuliza nalala wapi."

Ningeweza kusema nilikuwa gizani, nilikuwa naumwa, nilidhani uko kwenye chumba ulichoahidiwa. Yote ni kweli. Lakini nilikumbuka kurasa hizi, mwezi mzima, nilichoandika: bati, mkwe, harufu, mkono wangu, Hosea. Jina lake halimo tangu siku tuliyoagana hadi siku niliyoambiwa ameungua.

"Sikuuliza," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja. Hakunisamehe wala hakunifukuza.

Yasinta akaja na maji ya kunawa, kisha ugali wa uwele na mlenda, akaweka mbele yangu bila neno, akasimama na jagi mkononi. Sikuwa na njaa. Lakini nilinawa, nikala, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe, kwa sababu nyumba yangu ilikwisha kumkataa mara moja, sikutaka kumkataa mara ya pili.